Firefox inajifunga yenyewe kwenye Lubuntu (aina nyepesi ya Linux): jinsi nilivyotatua

Kompyuta ya steshenari moja Ngamiani, Tanga, yenye RAM ya GB 2. Mteja akifungua fomu ya pili, Firefox inajifunga. LibreOffice nayo inafuata. Kusakinisha upya ni kazi bure. Fungua terminali, uliza kerneli (kiini cha mfumo) kwanza:

journalctl -k | grep -i "out of memory"

Ikitoka "Killed process", RAM imejaa na kerneli imeua programu, kwa kawaida ile inayokula zaidi. Hapa `free -h` ilionyesha swapu 0B, yaani hakukuwa na nafasi ya diski ya kusaidia RAM ikijaa. Kwenye diski ya ext4 (mfumo wa faili wa kawaida wa Linux), tengeneza swapu ya GB 2 hivi:

sudo fallocate -l 2G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Kisha ongeza mstari huu mwishoni mwa /etc/fstab (faili inayosomwa mashine ikiwaka), la sivyo umeme ukikatika swapu haitarudi:

/swapfile none swap sw 0 0

Kwa diski ya kuzunguka (HDD), tabo zikizidi mashine itakuwa nzito, lakini fomu ya mteja haipotei kirahisi.