Ovaroli ya kurukia parachuti na joto letu hili la Tanga

Ovaroli ya kurukia parachuti sio ovaroli ya gereji jamani. Kwa macho zinafanana kweli, zipu mbele, mikono mirefu, ila ile ya gereji kazi yake kuzuia grisi basi, hii nyingine kazi yake ni kushika upepo, na kila kipande cha kitambaa unachokiona pale kimewekwa kwa sababu. Ndio maana mtu akija na "dada fundi nikatie tu mikono, joto limenizidi" namwambia kaa kwanza kwenye benchi tuongee.

Najua mtauliza Tanga na parachuti wapi na wapi. Sikilizeni, hapo Diani upande wa Kenya watu wanaruka hali ya hewa ikiruhusu, wanatoka kwenye ndege wanatua mchangani pembeni ya bahari, na kutoka hapa mjini mpaka Horohoro ni kilomita 65 hivi za lami, ukishagonga muhuri ukavuka Lunga Lunga unaendelea na barabara mpaka huko. Halafu Wadigo wako pande zote mbili za mpaka, nyumba nyingi za huku zina mjomba au shangazi Ukunda, mji wa hapo hapo Diani. Sasa kuna kijana wa hapa hapa Ngamiani alienda kwa mjomba wake kutafuta maisha, akaanza kwa kufunga parachuti za wageni, mwisho wa siku na yeye akajifunza, saa hizi ana leseni yake anaruka peke yake. Kaja likizo na nguo yake ndani ya kiroba. "Dada shikamoo, hii nguo itaniua kwa joto hata kabla sijapanda ndege."

Nikaitoa nikaitandika mezani. Nyeusi tii. Aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, nailoni ngumu ngumu, magoti na makalio yameongezewa Cordura, nailoni nene isiyochanika kirahisi, pembeni ya mikono na mapaja kuna vishikio, yaani viroli vya sponji vilivyofunikwa kitambaa ili wenzako wakukamate hewani mkitengeneza duara, na miguuni inaishia na soksi za kitambaa hicho hicho zinazofunika viatu. Kazi safi, mishono imepigwa mara mbili, nikaipenda. Nikaigeuza ndani, ndipo nikaona tatizo: bitana ya flisi, kile kitambaa cha manyoya cha masweta ya baridi, mwili mzima, mgongo, kifua, mapaja, mpaka kwenye mikono. Hii nguo imeshonwa kwa ajili ya mtu anayeruka nchi za barafu, wewe unaivaa mwezi wa pili kaskazi imekolea, fukuto mpaka ukuta unatoa jasho!

Basi kabla sijagusa mkasi nikamwambia nihadithie, tangu unaivaa mpaka unaivua, wapi hasa unaumia. Na hapa ndio niliona watu wengi wanakosea kufikiria. Huko wanakorukia ni mita 3,000 mpaka 4,000 juu, na hewa inapoa kwa wastani wa digrii 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo hapa chini kukiwa 32, kule mita 4,000 kunakuwa na digrii 6 tu. Digrii 6! Lushoto yenyewe usiku wa mwezi wa saba haifiki huko kirahisi. Sasa mtu anayetaka nimkatie mikono na miguu abaki na kaptula anasahau kwamba atatoka mlangoni kwenye baridi hiyo na upepo juu yake. Ila baridi yenyewe ni ya muda mfupi mno, kuporomoka hakufiki hata dakika moja, kisha parachuti inafunguka unashuka taratibu na joto linakurudia. Joto lenyewe liko kwingine kabisa, liko kwenye kusubiri. Umesimama juani na begi la parachuti mgongoni, mikanda imekazwa, umekaguliwa, ndege haijarudi. Halafu mmebanana ndani ya ndege ndogo hakuna feni, inapanda taratibu dakika kama 20, na dakika za mwanzo humo ndani ni oveni.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza haukuhitaji hata uzi: acha kuivaa nzima mapema. Vaa mpaka kiunoni, mikono ya ovaroli uifunge mbele, kaa na fulana yako kivulini, ukiitwa ndio unapandisha unafunga zipu ndipo unavaa begi. Akacheka, kumbe wazoefu wanafanya hivyo yeye alikuwa anaona kama ni uzembe.

Sasa tuje kwenye kushona. Mtu akiwa anaporomoka amelala kifudifudi anakwenda kilomita 190 mpaka 200 kwa saa. Wewe umeshawahi kupanda bodaboda ya kwenda Horohoro dereva akaipeleka 80, shati linavyokupigapiga mgongoni? Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo, mwendo ukiwa mara mbili nguvu inakuwa mara nne, kwa hiyo pale kwenye 200 ni zaidi ya mara sita ya ile ya bodaboda. Pindo ambalo hukulikaza linafumuka. Mfuko uliouacha wazi unajaa upepo. Na mkono wa kulia ukiwa na kitambaa kipana kuliko wa kushoto, mtu anaanza kuzunguka hewani bila kutaka na hajui kwa nini, kumbe fundi ndiye kakata vibaya.

Halafu kuna hili la neti. Kila mtu wazo lake la kwanza ni neti, weka neti hewa ipite. Sawa, lakini hewa ikipita maana yake haikushikwa, na isiposhikwa wewe unaporomoka haraka kuliko wenzako, mnataka kushikana mikono wao wako juu yako wewe uko chini unawaangalia. Swali ni neti uiweke wapi.

Nikamlaza kifudifudi kwenye meza ya kukatia, watu wanapita barabarani wanashangaa, nikamwambia kaa hivyo hivyo kama uko hewani. Mikono imekunjwa, miguu imekunjwa magotini. Upepo unatoka chini: unapiga kifua, tumbo, mapaja kwa mbele, na mikono upande unaotazama chini. Mgongo hauguswi, uko kwenye kivuli cha upepo, tena umefunikwa na begi la parachuti kuanzia mabegani mpaka karibu na makalio. Kwa hiyo mgongoni kitambaa kile kizito hakina kazi yoyote hewani, kinakuchoma tu ukiwa chini. Ukikitoa mwendo wako haubadiliki. Nyuma ya magoti vilevile, na nyuma ya mikono juu ya kiwiko. Hapo ndipo neti inakwenda, mbele naacha kama Mungu alivyoiumba.

Nilianza na bitana. Kufumua kwa kiwembe mshono mmoja mmoja, kazi ya kuchosha macho, niliifanya kibarazani mchana maana kitambaa cheusi na uzi mweusi taa ya ndani haikusaidii. Flisi yote nikaitoa isipokuwa kipande cha kifuani, kile nilikibakiza kwa ajili ya ile baridi ya mlangoni. Nguo ikapungua uzito papo hapo, nadhani hata ningeishia hapo angelipa na kushukuru.

Mgongoni nikachora kwa chaki, nikaacha kitambaa cha zamani upana wa kiganja kwenye mabega yote mawili kwa sababu pale ndipo mikanda inakaa na parachuti ikifunguka inavuta mtu kwa nguvu pale pale, neti ingechanika. Kitambaa cha neti nilikitoa kwenye jezi. Wanaotushonea jezi za mpira wanakijua, polista yenye vitundu vidogo, haishiki jasho inakauka mara moja, pale mitumba ukichagua vizuri unapata jezi ndefu nzima kwa bei ya soda mbili. Nilipata nyeupe yenye nyekundu, nikamwambia bahati yako, utaruka na rangi za Coastal, akasema yeye ni African Sports, basi nikageuza upande wa ndani nje ugomvi ukaisha. Ila angalia sana ukubwa wa vitundu, vikiwa vikubwa velkro ya begi inanasa humo.

Vile vipande vya nyuma ya mikono na magoti nilikunja kitambaa mara mbili nikakata vyote kwa pamoja ili kulia na kushoto viwe sawasawa kabisa, sio "karibu sawa". Baada ya kushona nikapima tena kwa futi mkono kwa mkono.

Kwa mafundi wenzangu, mambo ya nailoni mnayajua ila niseme tu. Usitumie pini, tundu linabaki milele, mimi natumia vibanio vya kuanikia nguo na pembeni napiga bandi. Uzi uwe wa polista, wa pamba unaoza na jasho na chumvi ya bahari. Sindano namba 14 kwa kitambaa cha kawaida, ukifika kwenye Cordura panda namba 16 na uzungushe gurudumu kwa mkono taratibu, ukikimbiza inavunjika inakurukia usoni. Ncha za kitambaa nimezipitisha kwenye moto wa kibiriti kidogo sana mpaka ziyeyuke zishikane, kisha mshono wa kulalia, kama wa jinzi, ili kusiwe na ukingo unaokwaruza ngozi chini ya begi. Pasi usiikaribishe, au weka kitambaa juu na moto wa chini kabisa.

Kuna sehemu sikuzigusa na nilimwambia sizigusi hata aongeze hela. Kiunoni kulia kwa nyuma, chini ya begi, ndipo anapopeleka mkono kuvuta kile kiparachuti kidogo kinachotoa kikubwa. Kifuani kulia kuna kishikio cha kukatia parachuti kubwa ikigoma, kushoto kuna cha kufungulia ya akiba. Sehemu hizo nguo inatakiwa ikae imebana, isiwe na mfuko, isiwe na kitambaa kinachoning'inia, kwa sababu mkono ukikamata kitambaa badala ya kishikio sekunde zinakwenda. Alitaka nimwekee mfuko wa simu kiunoni. Nikakataa. Na kabla sijakata chochote nilimwambia apige picha mistari yangu ya chaki amtumie mwalimu wake WhatsApp, jibu lilivyorudi ndio nikachukua mkasi.

Akatoa tena na mkanda wa paja wa begi lenyewe, ati pembeni umeanza kutoa nyuzi, "si unapitisha tu mashine dada". Hapana mdogo wangu. Nguo ndio kazi yangu, mkanda na parachuti vina mafundi wake waliosomea, kule Marekani sheria inataka parachuti ya akiba ifungwe upya na fundi mwenye leseni kila siku 180 hata kama haikutumika, we unataka mimi wa Barabara ya 12 na cherehani yangu ya Butterfly nikushonee kitu kinachobeba roho yako. Akanuna kidogo akaelewa.

Na wasiojua kwamba nguo ni kitu kizito kwenye huu mchezo, kuna Mmarekani aliitwa Joseph Kittinger, mwaka 1960 aliruka kutoka kwenye puto mita 31,000 na kitu juu, wakati anapanda glavu ya kulia ya suti yake, ile ya kujazwa hewa ili imlinde huko juu, ikagoma kujaa, mkono ukavimba mara mbili, akanyamaza hakuwaambia walioko chini mpaka kafika juu kwa kuogopa wasije wakaahirisha. Akaruka, akatua salama, mkono ukarudi kawaida. Glavu moja tu hiyo! Mimi kila nikishona kiganja cha glavu za mafundi wa kuchomelea namkumbuka yule mzee.

Kuhusu kufua, aloweke kwenye maji baridi ya bombani kila akirudi kutoka ufukweni, chumvi inakaa kwenye meno ya zipu inaigandisha, na aanike kivulini. Jua letu linakula nailoni, angalieni mapazia.

Juzi katuma sauti ndefu ya WhatsApp, kelele za upepo nyuma, anasema mwendo wake na wenzake haujabadilika, wanashikana kama zamani, na akivua begi mgongo umekauka kabla hajamaliza maji ya kunywa. Lalamiko lake ni mchanga. Anatua kwa kukalia makalio pale ufukweni, mchanga laini unaingia kwenye neti za nyuma ya magoti unabaki humo unamkwaruza siku nzima. Sasa natafuta neti ya vitundu vidogo zaidi, fundi mmoja kaniambia kuna kitambaa cha fulana za waendesha baiskeli kinafaa, mwenye kujua pa kukipata hapa Tanga bila kuagiza Kariakoo aniambie.