Pikapu inasaga Njoro, mimi niko Minnesota

"Dada, gari likikata kona linasaga vibaya. Fundi anasema ni steringi boksi. Tutumie kitu."

Aliyeandika ni mdogo wangu, yuko nyumbani Njoro, Kenya. Steringi boksi ni kile kisanduku cha gia kinachopokea mzunguko wa usukani na kugeuza magurudumu. Pikapu yenyewe ni ya zamani, ya kuvuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na ndiyo inayoteremsha viazi kutoka Mau Narok hadi sokoni Nakuru. Dawa za mama na karo za watoto zinatoka humo. Kwa hiyo siwezi kumjibu "ngoja mwisho wa mwezi" nikaenda kulala. Ila sitaki pia kutuma pesa za kipuri ambacho hakuna aliyekipima. Gari kupiga kelele ukizungusha usukani hakumaanishi kwamba ugonjwa uko kwenye usukani. Kona huhamisha uzito wa gari, na uzito huo huamsha mengi: beringi (vyuma vinavyoliwezesha gurudumu kuzunguka bila kusuguana), breki, boli jointi (kiungo cha mviringo kinachoruhusu gurudumu la mbele kugeuka na kupanda na kushuka), hata tairi.

Mimi ni nesi. Mambo ya magari nimeyajulia huku, kwa sababu gereji nyingi za Marekani hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa moja ya kazi, kipuri hakimo, na mimi pia naendesha pikapu kuukuu. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula vyuma vya chini kila majira ya baridi. Kibati kinachokinga diski ya breki huoza, kikaegemea diski na kuanza kukwaruza. Jirani yangu mmoja, mzee kutoka Kisii aliyefanya kazi ya gereji Kisumu miaka mingi, ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuitafuta kelele. Alikataa kabisa nishike spana kabla ya kujua inatoka gurudumu lipi. Namshukuru mpaka leo.

Basi nilimpigia mdogo wangu. Kati yetu kuna saa 8 wakati wa kiangazi na 9 wakati wa baridi, hivyo mimi nikitoka zamu ya jioni yeye anaamka. Swali la kwanza: gari likiwa limesimama, injini inawaka, ukizungusha usukani hadi mwisho huku na huku, kelele ipo? Ingekuwepo, ningemwambia atazame mafuta ya pawa steringi, yaani mfumo wa pampu unaorahisisha kuzungusha usukani, kwa maana pampu iliyopungukiwa hulalamika hapo hapo ilipo. Na kama inasikika hata injini ikiwa imezimwa, pampu haina hatia. Tafuta boli jointi iliyokauka grisi au nguzo ya usukani. Akajaribu. Kimya. Hapo steringi boksi ikaanza kutoka kwenye orodha yangu.

Swali la pili: inafuata injini au inafuata magurudumu? Nilimwomba apite mahali tambarare kwa mwendo ule ule, kwanza kwa gia ya tatu, kisha ya nne. Sauti ya injini ilibadilika, ile ya kusaga ikabaki vile vile. Ni magurudumu. (Wengine hupima kwa kuweka gari huru mteremkoni. Tafadhali, usifanye hivyo na mzigo wa viazi mgongoni.)

Swali la tatu ndilo ninalolipenda zaidi: kona ya upande gani? Akasema inazidi kwenye raundabauti za mjini, lakini akiingia nyumbani kwa kukata kushoto inapungua sana. Kenya tunapita kushoto mwa barabara, kwa hiyo kwenye raundabauti gari huzunguka likipinda mkono wa kulia, na uzito hulemea magurudumu ya kushoto. Huku Minnesota ni kinyume: raundabauti unaizunguka kwa kupinda kushoto, uzito unaenda kulia. Ukiwa umekaa ughaibuni muda mrefu ni rahisi kumwelekeza mtu wa nyumbani upande usio wake. Shika jambo moja tu: gurudumu la nje ya kona ndilo linalobeba. Kelele ikizidi hapo, beringi ya gurudumu hilo ndiyo mshukiwa wa kwanza. Si sheria isiyovunjika; kuna beringi zinazolia upande usiotarajiwa, ndiyo maana lazima uinue pande zote mbili.

Nilimwomba fundi mwenyewe aje kwenye simu, nikamsalimia, nikamweleza nilichosikia. Hakuona vibaya. Fundi wa mtaani huambiwa "gari linasaga" na kusukumwa alitengeneze kabla ya saa sita; ukimpa habari kamili anafanya kazi safi. Aliziba magurudumu ya nyuma, akainua mbele kwa jeki na kuweka stendi za chuma chini ya chesisi, kwani jeki peke yake haiaminiki, na mawe hupasuka. Akalishika tairi la kushoto juu na chini, akalitikisa. Lilicheza. Nikamwomba mdogo wangu akanyage breki, fundi atikise tena. Mchezo ukaisha. Hicho ndicho kipimo chenyewe: breki hulifunga gurudumu na chuma kinachobeba beringi, kwa hiyo mchezo ukipotea ulikuwa wa beringi. Ungebaki, tungeanza kutazama boli jointi. Na kama tairi lingecheza ukilishika kushoto na kulia, tungekagua pia tairodi, ile fimbo inayosukuma gurudumu ligeuke.

Walipofungua, grisi ya beringi ya ndani ilikuwa imechanganyika na maji na kuwa kama uji wa wimbi. Sili, ule mpira unaozuia maji na uchafu visiingie, ilikuwa imepasuka. Njia za kule juu mvua zikinyesha mnazijua.

Kwenye pikapu nyingi za zamani kama hiyo, kila gurudumu la mbele lina beringi mbili, ya ndani na ya nje, unazoweza kuzitoa, kuziosha na kuzipaka grisi upya. Yangu ya huku ina habu (kitovu cha gurudumu) iliyozibwa kiwandani, beringi zikiwa ndani. Ikifa unanunua yote. Ya nyumbani ni rahisi zaidi, lakini inataka mkono mtulivu. Nilisisitiza beringi mpya iingie na ringi yake ya nje mpya, wala si kuichanganya na ya zamani, halafu sili mpya na splitipini mpya, kile kipini kinachozuia nati isijifungue. Nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa, kisha hulegezwa na kurudishwa kwa kipimo cha gari hilo. Ukikaza kupita kiasi, beringi huungua. Baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na habu zote mbili: moja ikiwa moto kuliko mwenzake, rudi ufungue.

Kama pikapu yako inavuta kwa magurudumu yote manne, ongeza mambo mawili ya kukagua. Mlio wa ta-ta-ta kwenye kona kali mara nyingi ni sivii jointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu hata likiwa limegeuzwa. Na hakikisha hukuiacha kwenye gia ya kuvuta manne ukiwa juu ya lami kavu. Nyingi za zamani hujikaza na kugoma kwenye kona ingawa hakuna kilichoharibika. Kwa njia za murram, chungulia pia kati ya diski na kibati chake, maana kijiwe kimoja kikinasa hapo kinatoa kelele ya kutisha.

Pesa nilizotuma zilikuwa za beringi, sili na kazi ya fundi, na zilikuwa chache mno kando ya bei ya ile steringi boksi. Gurudumu la kulia halikucheza, ila grisi yake ni ya umri ule ule. Wanalifungua Jumapili, kabla ya kupanda tena Mau Narok.