Kazi ya Nyuki

Mwaka 2009 mfungo wa Ramadhani uliangukia mwishoni mwa Agosti, na baba aliupigia hesabu mapema, masika hata hayajaisha. Alikaa barazani akahesabu kwa vidole: tikiti la Sugar Baby linataka kama siku 80 toka mbegu hadi kisu, kwa hiyo wiki ya kwanza ya Juni mbegu ziwe zimeshaingia ardhini. "Mwaka huu tutafuturu kwa tikiti letu wenyewe, inshallah," akaniambia.

Tulikuwa tunakaa Sahare, Tanga. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha udongo wa kichanga ambacho mama alishajaribu mchicha akakata tamaa, maana maji hayakai. Baba alisema tikiti ndivyo linavyopenda, miguu isilowe. Alikuwa amestaafu mwaka mmoja nyuma, na tangu hapo sikuwahi kumwona na furaha kama siku ile tulipochimba mashimo tisa. Kila shimo tulilitia samadi ya mbuzi na mbegu tatu, halafu miche ilipofikisha majani manne tukang'oa, tukabakiza mmoja mmoja, ule wenye afya. Kumwagilia ilikuwa zamu yangu, kwa kopo, chini kwenye shina. Majani hayaguswi na maji, yatapata ubwiri.

Katikati ya Julai mitikiti ilikuwa imetambaa mpaka ukutani, na maua ya manjano yameanza. Ndipo wakaja wale mbawakawa wekundu, wadogo, wanaotoboa majani yakabaki kama chekeche. Baba alikuwa akiwaokota kwa mkono alfajiri, wakati bado wamezubaa kwa baridi, kisha ananyunyiza majivu. Lakini wiki ile alikwenda Muheza mazikoni, akakaa siku nne.

Nilikuwa kidato cha tatu. Nikaona bustani ya baba inaliwa mimi nikiitazama. Nikachukua akiba yangu, nikaenda duka la pembejeo nikanunua kichupa cha dawa, nikaazima bomba dogo la mkono kwa jirani. Saa mbili asubuhi, jua linawaka vizuri, nikapuliza mitikiti yote, majani na maua. Nilitaka akirudi akute majani mazima.

Majani alikuta mazima. Ila siku ya pili yake alinikuta uani nimechuchumaa, nimeshika maua yaliyoanguka. Maua majike yote. Ua jike la tikiti unalijua kwa kitumba chake: chini ya petali kuna kitikiti kidogo kama punje ya kunde, kina vinyweleo, na ukikitazama karibu kina hata ile mistari ya tikiti kubwa. Nilikuwa navyo vitano kiganjani, vimegeuka njano, vimesinyaa.

Baba hakusema kitu kwanza. Alisimama, akasikiliza. Kisha akaniuliza, "Unasikia nini?"

Nikasema sisikii kitu.

"Basi ndiyo hiyo. Nyuki hawapo."

Nikamweleza yote, kichupa, saa, bomba la jirani. Nililia. Nilijua alivyoipenda bustani ile, na nilijua Ramadhani haisubiri. Akaniuliza tu kwa nini sikungoja magharibi, maua yakishajifunga na nyuki wamerudi kwao. Sikuwa na jibu, sikujua kwamba maua yanajifunga. Akanishika bega: "Haya. Kesho baada ya swala usilale. Tutafanya kazi yao."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Jua lilipochomoza vizuri maua yakafunguka. Baba magoti yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mimi nikainama. Akanionyesha ua dume, lenye kikonyo chembamba kisicho na kitumba. Nikalichuma, nikalivua petali taratibu mpaka ikabaki ile sehemu ya katikati yenye chavua. Niliigusa, ikaniachia vumbi la manjano kidoleni.

"Sasa mpake jike. Ndani pana vichwa vitatu, vipate vyote. Ukisahau kimoja tikiti linatoka limepinda upande."

Mkono ulikuwa unatetemeka. Ua jike hufunguka siku moja tu, likifika mchana ndiyo limemaliza, lisipopakwa linaanguka. Nikapaka, nikazungusha, nikapaka tena. Kila ua nililomaliza baba alinipa kipande cha uzi mwekundu kutoka kwenye kikapu cha mama cha kushonea, nikafunga kwenye kikonyo, kwa kulegeza, ili lisikabwe likinenepa. Tulifanya hivyo asubuhi tano mfululizo. Nyuzi 14.

Asubuhi ya tano nyuki mmoja alitua kwenye ua nililokuwa nalifuata. Niliurudisha mkono. Baba akatabasamu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwache. Mwenye kazi karudi."

Matikiti tisa yalishika. Tukayalaza juu ya makuti makavu yasiozee chini, na kila jioni baba aliniuliza habari zao moja moja, kama anauliza habari za watoto.

Siku ya nne ya mfungo aliniita. Kile kikamba kilichojikunja pale kikonyo kinapotokea kilikuwa kimekauka kikawa cha kahawia. Tumbo lililolalia makuti lilikuwa na baka la manjano, sio jeupe tena. Akaligonga kwa kidole, akaniambia nami nigonge. Mlio mzito, wa ndani.

Jioni, baada ya tende na uji, mama aliweka tikiti juu ya sinia, baba akanipa kisu mimi. Ncha iliingia kidogo tu, tikiti likapasuka lenyewe mbele ya kisu, kraa, mpaka mwisho. Jekundu kote. Mama akasema "Mashallah," akaanza kukata vipande vya kupeleka kwa majirani.

Baba hakula kwanza. Alikifungua kile kipande cha uzi kwenye kikonyo, akakikunja, akakitia mfukoni mwa kanzu.