Gari la bei mbaya, tairi zinaisha haraka

Watu wengi wakinunua Benzi au BMW wanategemea kwamba kwa kuwa gari ni ghali basi na tairi zake zitakaa kuliko za IST, halafu zikiisha mapema wanaanza kugombana na fundi. Hali halisi ni kinyume kabisa. IST nyepesi, injini ndogo, tairi nyembamba za mpira mgumu, ukiitunza unapiga kilometa 50,000 na kuendelea. Sasa chukua Range Rover ya tani mbili na zaidi, injini V8, rimu inchi 21 au 22, na mwenyewe kila taa ikiwaka kijani anakanyaga mafuta mpaka mwisho, mpira gani utavumilia hapo?

Kwa ninavyoona mimi, sedani ya kifahari inayoendeshwa kistaarabu, E-Class au Lexus hivi, ikikupa kilometa 40,000 shukuru Mungu. SUV nzito na magari yenye nguvu sana, tairi za nyuma kuisha kwenye 20,000 au 25,000 wala usishangae, haina maana kwamba umeuziwa feki (ingawa feki zipo, tusidanganyane). Ni kwamba kampuni zinaweka mpira laini makusudi, ule unaong'ang'ania lami ukifunga breki kwenye spidi kubwa au ukikata kona. Tairi nyingi zina neno TREADWEAR ubavuni na namba mbele yake, ukikuta 200 hivi ujue hilo ni laini litaisha mapema, 500 kwenda juu limetengenezwa likae. Ila kampuni zenyewe ndo zinajipimia hiyo namba, kwahiyo isikufunge sana.

Kitu kinachowaliza watu wa BMW ni upande wa ndani. Shemeji yangu ana X5, ukisimama pembeni unaona tairi za nyuma kashata (yale meno ya tairi) zimejaa kabisa, akawa anasema hizi bado mwaka mzima. Nikamwambia chuchumaa, ingiza mkono nyuma ya tairi, pitisha kiganja taratibu ukingo wa ndani. Alivyoutoa alikuwa amechomwa na waya. Yani nje tairi jipya, ndani kipara mpaka nyuzi za chuma zinachungulia, na wiki hiyo alikuwa anajiandaa kwenda Dodoma na familia! Hizi gari tairi za nyuma zimeinamishwa kidogo kutoka kiwandani ili gari itulie kwenye kona, sasa bushi (zile raba za kwenye miguu ya gari) zikichoka na wili alaimenti, yani kurekebisha pembe za tairi, haijafanyika tangu gari itoke bandarini, ndani kunalika peke yake. Kwahiyo usipime tairi kwa macho ukiwa umesimama.

Halafu kuna ishu ya saizi. Hiyo X5 ilikuja na rimu za inchi 20, mbele 275/40 nyuma 315/35, yani za nyuma ni pana kuliko za mbele (namba ya kwanza ni upana kwa milimita), maana yake huwezi kuhamisha za mbele ziende nyuma ili ziishe sawasawa kama tunavyofanya kwenye gari za kawaida. Za nyuma zinaisha, unanunua za nyuma. Na hapo kuna mtego mwingine, gari ya kuvuta miguu yote kama X5 haitaki mbele kuwe na tairi zilizochoka na nyuma mpya za kampuni nyingine zenye mzunguko tofauti, kile kifaa kinachogawa nguvu mbele na nyuma kinafanya kazi bila kupumzika mpaka kinakufa, na bei yake utatamani ungenunua tairi zote nne siku ile ile.

Upande wa pili kuna wenye gari za wikiendi, Masaki mpaka Posta na kurudi, miaka inapita kashata hazipungui. Hao wasiangalie kilometa, waangalie tarehe. Ubavuni tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna namba nne, mfano 2319, hiyo ni wiki ya 23 mwaka 2019. Ikifika miaka mitano mpe fundi akague kila mwaka, na Michelin na Continental wenyewe wanasema ikifika 10 toa hata kama linaonekana jipya. Kwa jua la Dar gari inalala nje kutwa nzima, mimi hiyo kumi siifikishi, nikishaona nyufa ubavuni basi.

Na kama gari imetoka Japani juzi, soma kama tairi zimeandikwa STUDLESS. Hizo ni za barafu jamani. Mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi kali, ukizileta kwenye lami ya Dar mchana wa Januari zinaisha kama sabuni, na breki zake kwenye joto sio za kuziamini. Muuzaji atakwambia "tairi bado mpya kabisa bosi", na kwa macho ni mpya kweli.

Upepo nao usiache kila kituo wakujazie 35 kote kote, ukifungua mlango wa dereva kuna stika inasema mbele ngapi nyuma ngapi, nyingine ziko kwenye mfuniko wa mafuta. Kuhusu wanaouza naitrojeni kwa bei ya ajabu, huu upepo wa bure tayari ni naitrojeni asilimia 78, hiyo hela weka kwenye alaimenti.

Mwisho wa siku tulimshauri shemeji ashuke inchi 19, 255/50 mbele na nyuma, saizi ambayo X5 yenyewe inakuja nayo kiwandani. Sasa hivi fundi anazizungusha mbele nyuma, gari imekuwa laini kwenye matuta, mashimo hayapigi rimu tena, na hela ya seti nzima ilipungua vizuri tu. Yeye bado analalamika gari imepoteza muonekano, na zile rimu za inchi 20 ziko stoo amezifunika na turubai, hataki kuziuza.