Ramani ya kontua ya Kilimanjaro ilivyonitoa jasho

Ramani iliponigomea, kuna walioniambia ninunue kompyuta yenye RAM kubwa: asanteni sana. Kompyuta ni ileile na ramani imetoka.

Kazi ilikuwa ya wazee wa mfongo, yaani mfereji wa maji ya mashamba, wa kwetu Kibosho. Walitaka waone mteremko kwenye karatasi, wajue maji yakichepushwa juu kidogo yatafika mashamba yapi. Python, lugha ya kuandikia programu, naijua kiasi, nikajitia kifua mbele. Data ya mwinuko ni ya bure: chombo cha anga Endeavour kiliipima ardhi kwa rada Februari 2000, na kipande chetu kinaitwa S04E037, kwa kona yake ya kusini-magharibi. Ni jedwali la namba 1201 kwa 1201, nukta hadi nukta kama mita 90.

Nikaisoma, nikaita contourf, amri ya kuchora kontua kwa rangi. Ikaja rangi moja! Kibo, Moshi mjini, miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, kote njano, na vidoa vya zambarau upande wa Mawenzi.

Jamaa yangu mmoja, mwenye jibu la kila kitu, akasema data ina makelele, "ilainishe". Nikapitisha gaussian_filter, amri inayochanganya kila namba na jirani zake. Weee! Vile vidoa vikafumuka kuwa mashimo, duara ndani ya duara, utadhani mtu kachimba madini pale. Nikamtumia picha, akajibu kwa kujiamini kabisa: ongeza sigma, yaani ilainishe zaidi. Nikaongeza, shimo likameza nusu ya Mawenzi. Basi nikaachana naye, nikarudi kwenye data ghafi na kuiuliza z.min(), yaani namba yake ndogo kuliko zote. Ikajibu -32768. Bahari yenye kina kuliko zote haifiki kilomita 12, mimi nina shimo la kilomita 32 mlimani! Kumbe hiyo ni alama tu, kwamba hapo rada haikupata kipimo. Contourf ukiiachia ipange ngazi yenyewe, inaanzia huko chini, kila ngazi inaruka maelfu ya mita, na sisi wote tunaangukia rangi moja. Kabla hujagusa rangi angalia min na max, jamani.

Nikageuza namba kuwa float (za desimali), penye -32768 nikaweka NaN (yaani "hapa hakuna namba"), ngazi nikapanga mwenyewe, mita 600 hadi 6000 kwa hatua ya 200. Mlima ukachanua.

Ila ukachanua Simanjiro. Kwa latitudo zilizoandikwa pembeni, Kibo ilikuwa kusini ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Jamaa yangu tena: "weka .T", yaani geuza safu za mlalo ziwe za wima. Jedwali lingekuwa mstatili programu ingelalamika. Hili ni mraba, ikachora bila kusita. Safari hii Kibo ikakaa kilomita ishirini na kitu kusini ya uwanja wa ndege wa KIA, Mawenzi kaskazini yake. Mtoto yeyote wa Moshi anajua ukiutazama mlima, Mawenzi iko kulia. Marubani wangesemaje?

Ujanja ulioniokoa ni wangu mwenyewe na ninajisifia: nilipigilia misumari. Kwa scatter, amri ya kuchora nukta, niliweka nukta nyekundu pa Kibo (37.35, -3.07) na pa Moshi mjini (37.34, -3.35). Kilele kisipokaa juu ya msumari wake, ramani ni ya uongo hata ipendeze vipi. Faili hizi safu ya kwanza ya mlalo ni ya kaskazini, kwa hiyo latitudo zinatakiwa zishuke kutoka -3 hadi -4, si zipande kama nilivyoziweka mwanzo: np.linspace(-3, -4, 1201). Basi, .T ya nini?

Kwa Kibosho peke yake nikakata kipande na kuchora kila mita 20, nikachapisha A3 ya rangi pale mjini, elfu chache tu. Nikaamkia, nikaitandika mezani. Mzee wa mfongo akaifuata kwa kidole mpaka kwenye banio, akasema, "Nzuri, kijana. Sasa nichoree kila mita mbili." Nikamwambia, "Mzee wangu, nukta zenyewe zimeachana mita 90, hizo mbili nitazitoa wapi?" Akanuna kidogo, karatasi akaikunja akaondoka nayo.