Nilivyofanya ofisini kwetu watu waanze kusema kazi ikikwama

Jamani nimehangaika na hili karibia mwaka mzima na ushauri niliopewa mwingi ulikuwa wa hovyo, kila mtu ananiambia nunueni programu. Sisi ni mawakala wa forodha, tunawatolea wateja mizigo bandarini, huku Kurasini Dar, tuko kama 30, mimi ndo naratibu. Programu tunazo. Shida mtu akijua mzigo umekwama anakaa kimya hadi mteja apige simu.

Kwanza nikafungua grupu la WhatsApp, kila saa 11 jioni watu waripoti. Wiki nzima ni "niko vizuri", "nimepokea" na dole gumba mpaka chini. Siku moja dereva yuko foleni getini tangu alfajiri kumbe kampuni ya meli haijalipwa, DO (karatasi yao ya kuruhusu mzigo utoke) haijatoka, na watu 3 walijua tangu jana yake! Watatu! Kuwauliza, mmoja akaniambia, dada, nani aandike mbele ya bosi wakati mwenzetu alifokewa humo humo watu wote wanasoma?

Ndo nikachukua kalenda ya zamani nikaigeuza nyuma, nikampitia mtu mmoja mmoja na swali moja tu, ukikwama unampigia nani kwanza? Kila jibu nachora mshale. Siku 4 hivi. Yani mishale haikuja kwangu wala kwa bosi, 19 imeenda kwa kaka wa bodaboda anayetupelekea makaratasi Posta na bandarini! Baadaye nikaja kusoma kumbe daktari mmoja wa akili, Jacob Moreno, alishachapisha michoro ya hivi Marekani mwaka 1934. Nikamfuata yule kaka wa boda kijiweni nimuulize anafanyaje. "Dada, mtu akiniambia kakosea mi nawasha pikipiki tukarekebishe, sipeleki kwa mtu."

Nikamwekea bosi ile kalenda mezani, tuko wawili tu, akaiangalia muda mrefu bila neno. Tukakubaliana grupuni hafokewi mtu, anayesema kosa anajibiwa "asante kwa kusema, tufanyeje?" Nikaanza mimi, nikaandika kwamba nilimwandikia dereva namba ya kontena kwenye karatasi, herufi 4 tarakimu 7, nikageuza tarakimu mbili za katikati, getini akakataliwa, siku ikapotea na gharama za kuhifadhi mzigo zikaongezeka kama laki 4. Kimya. Siku mbili kimya. Ya tatu, saa 3 usiku, dada wa keshia kaandika amelipia kontroo namba (ile namba ya malipo ya serikali) ya mteja mwingine. Bosi akajibu vile vile tulivyokubaliana, machozi yalinilenga kwakweli. Kesho yake saa 4 asubuhi tumeshamaliza na mteja hakuwahi hata kupiga.

Kuna walioniambia nimpe kaka wa boda cheo awe anakusanya ripoti, nikakataa kabisa, siku akianza kuripoti hakuna atakayemwambia kitu. Vijana wa godauni mpaka leo hawaandiki grupuni, wanampigia yeye na mimi nimewaacha, ila vocha yake ya mwezi sasa inatoka ofisini.