Nusu Karatasi Kabla ya Mashtaka

Baraza la wazee wa kanisa lilikutana kumjadili mwalimu wa kwaya. Mashtaka tulikuwa nayo tayari: anachelewa mazoezi, anawakemea waimbaji mbele za watu, hashauriki. Mchungaji mstaafu aliyeombwa kuongoza kikao hakuyagusa. Baada ya sala aligawa nusu karatasi kwa kila mtu. "Kabla hatujamsema, kila mmoja aandike mambo mema matatu ya ndugu yetu huyu. Sharti ni moja: liwe tendo ulilolishuhudia mwenyewe."

Sharti hilo ndilo lililotukwamisha. Watu waliandika haraka, na karatasi zikarudishwa haraka vilevile. Mama mmoja aliandika "ana moyo wa kujitoa". Mchungaji akamrudishia: "Moyo hauonekani, mama. Alifanya nini?" Mama akakaa nayo, kisha akaandika kwamba mazoezi yakiisha, mwalimu hubaki na watu wa besi wasiojua kusoma nota, akiwaimbia mstari mmoja mmoja mpaka waushike. Wazee wengine hatukulijua hilo, maana saa hiyo huwa tumeshaondoka.

Sifa ya jumla ni nyepesi mno. Anayesifiwa hajui ashike lipi, na anayesifu hajalazimika kumtazama mtu. Ametoa tu lililokuwa mdomoni, na kujipendekeza huanzia hapo hapo. Tendo lina wakati wake, mahali pake na mtu aliyefaidika nalo, kwa hiyo si rahisi kulibuni.

Wakati tunaandika alitusomea Ufunuo sura ya 2. Kanisa la Efeso linaambiwa kwanza, "Nayajua matendo yako, na taabu yako, na subira yako". Karipio linakuja kwenye mstari wa 4. Paulo naye anawaandikia Wakorintho waliogawanyika na kushtakiana mahakamani, lakini anaanza kwa kumshukuru Mungu kwa ajili yao. Mzee mmoja, ambaye anayajua Maandiko na anapenda kubishana, akasema Wagalatia hawakupewa na Paulo shukrani yoyote, na kanisa la Laodikia, katika Ufunuo huo huo, halikusifiwa hata kwa neno moja. Mchungaji alikubali bila kusita. Ndiyo maana, alisema, jema halitungwi: ukikosa la tatu, acha nafasi wazi. Wawili waliiacha wazi, na hakuna aliyewauliza.

Karatasi ziliposomwa kwa sauti, ikaja zamu ya mashtaka, nayo yakawekewa sharti lile lile. Sikulitarajia hilo, na nadhani ndilo lililookoa kikao. "Hashauriki": nani alimshauri, lini, akajibuje? Kimya. Likafutwa. Kukemea kulikuwa na mashahidi wanne, kukabaki. Kuchelewa kukabaki pia, ila ikaonekana kwamba hatujui sababu yake, kwa kuwa hatujawahi kumwuliza. Hapo Mchungaji akataja maelezo ya mwanamatengenezo Martin Luther juu ya amri ya nane (kwa hesabu ya Kilutheri, ile ya kutomshuhudia jirani uongo) katika Katekisimo Ndogo, kitabu chake cha mafundisho cha mwaka 1529: haitoshi kutomzulia jirani uongo, tunapaswa pia kumtetea, kumsema vizuri na kuyachukua mambo yake yote kwa upande ulio bora. Upande ulio bora, alivyoeleza yeye, si kujifanya hujaona kosa. Ni kukubali kwamba sababu zinaweza kuwa nyingi, kisha kwenda kuuliza kabla hujajichagulia ile mbaya.

Akaweka na mpaka, kwa sauti kali kidogo. Lingekuwa shtaka la sadaka kuibwa au mtoto kuumizwa, karatasi zile asingezigawa. Hapo anayeangaliwa kwanza ni aliyeumizwa, na wema wa mtuhumiwa hausomwi ili kumnyamazisha mtu. Nimeshaona watu wakiutumia wema wa mtu kama blanketi la kufunikia maovu, kwa hiyo nilifurahi kusikia likisemwa wazi.

Kwa kufuata Mathayo 18:15, alitumwa mtu mmoja tu, yule mama wa karatasi ya besi. Mchungaji alimwelekeza namna ya kusema. Ataje jema aliloliona, kisha anyamaze, amwache mwenzake ajibu. Asiliunganishe na lawama kwa "lakini", kwa sababu neno hilo likitoka, yote yaliyotangulia huonekana yalikuwa chambo. Lawama ije baadaye, kwa sentensi yake: siku fulani ulimwambia mwimbaji fulani hivi, mbele ya wenzake. Na sababu ya kuchelewa iulizwe kama swali la mtu asiyejua, kwa kuwa kweli hatukujua.

Mama alituletea jibu. Mwalimu alikuwa akimwuguza mzazi wake, na hakuweza kutoka nyumbani mpaka ndugu yake afike kumpokea. Kuhusu kukemea hakujitetea; aliomba akumbushwe pembeni akirudia, na alikumbushwa zaidi ya mara moja. Kuchelewa hakukuisha, kwa sababu ugonjwa haukuisha. Baraza lilimkabidhi mwimbaji mwingine ufunguo wa ukumbi na kazi ya kupasha sauti, na mazoezi yakawa yanaanza kwa wakati, mwalimu awepo asiwepo.